Sisi wa Peloto ya Miti

Asubuhi ile tulikuwa Kibumba tukipakia kabichi, na Bizimana alikuwa ananicheka. Ananicheka kwa sababu nilifunga mzigo wangu kwa kamba ya nailoni, yeye wake kwa mipira ya tairi. "Amisi," akasema, "ukifika Kibati hizo kabichi zitakuwa zimekutangulia sokoni Birere, zinakungoja." Nikamwambia afunge mdomo wake kama alivyofunga mzigo wake. Ndivyo tulivyosalimiana miaka yote, na siku mmoja wetu akisalimia kwa adabu mwingine alijua kuna msiba.

Kazi yetu ilikuwa chukudu. Kama hujawahi kuiona, ni chombo cha mbao: ubao mrefu, magurudumu mawili madogo ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na usukani wenye mapembe. Haina injini, haina kanyagio. Kupanda, unasukuma hadi unauliza kwa nini ulizaliwa. Kushuka, unapiga goti juu ya ubao, unaiachia, na breki ni kipande cha tairi unachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Kutoka Kibumba, kupita Kibati, hadi Goma, karibu njia yote ni mteremko. Aliyezoea anashuka na mzigo ambao punda angeukataa.

Watu wa chukudu tuna sheria mbili ambazo hatukuzisomea popote. Ya kwanza, mzigo wa mwenzio haulali njiani. Gurudumu lake likivunjika, anayekuja nyuma anasimama, anaupokea mzigo na kuufikisha, na mwenye chukudu anabaki kutengeneza. Ya pili, mzigo una mwenyewe. Unachokibeba si chako, hata kama ni shaba, hata kama hakuna anayekuona. Kwa sheria hizi wafanyabiashara wa Birere walituamini kuliko walivyowaamini ndugu zao. Nazo ndizo zilizotuponza.

Adhuhuri tulikula kwa mama yake Bizimana, aliyekuwa akiuza maharage Birere, upande wa kwenda mpakani. Mimi ni Mwislamu, baba yangu alikuja Goma kutoka Kasongo na biashara ya vitenge. Mama Bizimana alikuwa Mprotestanti wa Rutshuru, na nyumbani kwao walisema Kinyarwanda. Hatukuwa na udugu wowote ila sahani, lakini alinigombeza kama wake. Siku ile alimgombeza Bizimana juu ya viatu, maana breki ilikuwa inateleza na yeye alikuwa anasimamisha chukudu kwa mguu.

"Hii ni viatu ya ngapi? Utavaa ngozi ya miguu yako mwenyewe!"

"Mama, ngozi haitobokagi," akajibu, na mama akampiga na kitambaa cha sufuria. Tulicheka. Nilikula sahani mbili.

Waasi walishuka kutoka upande wa Rutshuru majira yale ya mvua. Mwanzoni tulisikia ngurumo tukasema ni radi. Kisha watu wakaanza kuteremka barabarani na magodoro kichwani, mbuzi, vyungu, bibi mmoja amebebwa kwenye kiti, na tukaacha kusema ni radi. Sisi tulipanda bado, kwa kuwa kabichi za Kibumba hazijui vita na tumbo la mtu wa Goma halijui pia.

Pale Kibati jeshi la serikali likatusimamisha. Aliyetusimamisha alikuwa kapteni mwenye pengo la meno ya mbele. Tulimwita Komanda Pengo, kwa siri bila shaka. Shida yake ilikuwa malori. Lori likipanda na risasi, mngurumo wake unasikika hadi vilimani, na bomu linaufuata. Aliizunguka chukudu ya Bizimana kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Hii kitu inapiga makelele?"

"Inalia kidogo ukisahau kuipaka mawese, komanda," Bizimana akasema.

"Basi toka leo muko jeshi."

Tukadhani ni mzaha. Kabichi zikaliwa na askari, na huo haukuwa mzaha. Kesho yake tukapewa mashati ya jeshi, mengine yana matundu ambayo hatukutaka kuuliza yametoka wapi. Tukaapishwa mbele ya bendera, mvua inanyesha, sisi watu kama thelathini na chukudu zetu zimepangwa nyuma yetu. Komanda Pengo akatupigia saluti. Tukamrudishia, wengine kwa mkono wa kushoto. Akatupa jina: Peloto ya Miti, yaani kikosi cha mbao. Watacheka wanaocheka, lakini nilishuka siku ile nimeinua kifua, na Bizimana alikuwa ananiamkia "afande" hadi nikamtukana.

Kazi ilikuwa ile ile. Kupanda, masanduku ya risasi. Kushuka, majeruhi. Tuliwafunga juu ya ubao kama tulivyofunga magunia, kwa huruma zaidi kidogo, na kuwashusha kimya hadi chini ambako gari la daktari lilikuwa linangoja. Kila majeruhi alikuwa na bunduki yake. Tuliishusha pamoja naye na kuikabidhi depo, mikononi mwa mtunza silaha. Hakuna aliyetuamuru. Mzigo una mwenyewe. Nimekabidhi bunduki nyingi mno, na za kuiba nilikuwa na nafasi mno. Wallahi, ningejua.

Siku aliyokufa Bizimana ilikuwa alasiri, mvua nyembamba. Tulikuwa tumefikisha risasi juu. Kurudi, Bizimana alipewa luteni kijana aliyevunjika paja, mtu wa Kinshasa asiyejua ila Lingala. Mimi nilishuka bila mzigo nyuma yake. Bunduki ya luteni ilining'inia kwenye pembe la usukani, ikigongagonga.

Tulikuwa tumepita mikaratusi.

Bomu la kwanza lilianguka shambani. Udongo ukatumwagikia mgongoni.

La pili lilianguka mbele yake.

Nilipofumbua macho chukudu yake ilikuwa imelala ubavu, gurudumu la mbele limepasuka. Yeye mzima. Luteni mzima, anapiga kelele. Nikasimama.

"Pokea mzigo," Bizimana akasema.

"Panda na weye."

"Chukudu yako haiwezi batu batatu. Pokea mzigo, Amisi. Niko natengeneza gurudumu, nakufuata."

Ndiyo sheria yetu. Tulimnyanyua luteni, tukamlaza kwangu. Bizimana alimfunga mwenyewe kwa mipira yake, hakuiamini nailoni yangu hata saa ile. Akaining'iniza bunduki kwenye usukani wangu. "Usisahau depo," akasema. "Ina mwenyewe."

Nikaachia.

Nyuma yangu nikasikia la tatu.

Luteni alikuwa amenishika ukosi wa shati. Njia nzima aliniuliza jambo moja: "Moninga na yo azali wapi? Moninga na yo azali wapi?" Mwenzio yuko wapi. Nilimwambia anakuja. Nilimkabidhi kwa daktari, nikaikabidhi bunduki depo, nikapanda tena mbio. Nilimkuta kando ya barabara, koleo bado mkononi.

Tulimzika Kibati, mbele ya nyumba iliyoungua. Ubao wa chukudu yake tukausimika uwe alama. Komanda Pengo alisema maneno machache na kupiga saluti. Mama hakuwepo, maana barabara ilikuwa imefungwa kwa raia. Nilipomfikia Birere alikuwa ameshajua, kwa sababu niliingia peke yangu. Alilia siku nyingi, kama wanavyolia watu, hayo sitayaeleza. Lakini siku ya kwanza aliniuliza kitu kimoja.

"Walimupigia saluti?"

"Walimupigia, mama."

"Mimi sikuona," akasema.

Waasi wakasukumwa, wakarudi nyuma. Tukaambiwa tume inakuja kuandikisha askari, twende uwanja ulio karibu na Mugunga. Tulifua mashati. Tulipaka chukudu mawese hadi zikang'aa. Komanda Pengo alikuwa amehamishiwa jimbo lingine, hatukujua hata lipi, lakini tulijua tulivyoapa, basi tukapanga mstari.

Afisa wa tume alikuwa na miwani myeusi na hakuivua. "Bunduki moja, askari moja," akasema. "Kila mutu aonyeshe bunduki yake."

Nikamwambia, "Muzee, sisi ni Peloto ya Miti. Tulibeba bunduki."

"Iko wapi?"

"Tulirudisha."

"Mulirudisha kwa nani?"

"Kwa depo, muzee. Haikuwa yetu."

Alitazama chukudu zetu, akawatazama wenzake, wakacheka. Mbele yetu kwenye mstari palikuwa na muuza mkaa wa Majengo ninayemjua tangu utotoni, mtu ambaye siku za vita alijificha kwa shemeji yake. Alikuwa na bunduki, aliiokota au aliinunua, Mungu anajua. Aliandikwa. Leo ana pensheni na tumbo. Sisi tuliambiwa turudi kubeba kabichi, na mashati tuliyavua pale pale uwanjani, tukatembea hadi mjini na fulana. La haula! Nilikuwa na hasira hadi meno yanauma.

Ningemeza hasira hiyo kama ingekuwa yangu tu. Mimi sikufa. Lakini nyumbani kwa Mama Bizimana mambo yaliharibika. Majeruhi na wafu wengine wa mtaa, wale wenye namba za jeshi, mwanajeshi alikuja mlangoni mwao na bendera, akapiga saluti, majirani wakaona. Kwake hakuja mtu. Na yeye anasema Kinyarwanda, lugha ile ile ya waasi. Wakaanza: mbona wa huyu hakuletewa bendera? Mbona hatukuona maiti? Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Furaha, akasema waziwazi bombani: "Ule mutoto hakufa. Alienda na waasi. Siku wakirudi, yeye ndiye atawaonyesha nyumba zetu."

Nilipiga kelele kwamba nilimzika kwa mikono hii. Wakaniambia, "Weye unakula kwake, utasema nini?"

Wateja wa maharage wakapungua. Usoni walimsalimia vizuri, kisogoni walitema mate. Siku moja mtu alirusha mawe juu ya bati lake. Alitoka nje, akayaokota, akayapanga kando ya mlango kama mafiga. Nikamwambia tutafute karatasi serikalini, labda wamlipe na kitu.

"Sitaki franga yao," akasema. "Nataka mutu ya jeshi asimame hapa kwa mulango yangu, apige saluti, na hawa batu waone. Basi. Kisha nife."

Hapo ndipo nilipoanza kwenda biro, ofisi ya serikali inayowaandika wafu wa jeshi.

Biro ile nimeikalia benchi hadi nikajua msumari gani unachana suruali. Alikuwepo sekretere mmoja mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio ulionitia wazimu. Leo mkuu hayupo. Leo mkuu yupo lakini mhuri haupo. Leo mhuri upo, umeme hakuna. Kila nikifoka ananiambia, "Papa Amisi, subira huvuta heri." Subira yangu haikuvuta hata inzi! Dosye yangu, lile jalada la maombi, ilipotea, ikapatikana, ikapotea na kabati lake. Wenzangu wa peloto walinisindikiza mwanzo, kumi, kisha wanne, kisha nikawa naenda na kivuli changu. Siwalaumu. Mtu akipoteza siku biro, watoto wake wanalala njaa.

Mwishowe sekretere akaniambia kitu cha kushika: mfu hatambuliwi bila kaburi. Leta picha. Nikaleta picha. Akaivuta karibu na macho. "Hakuna jina hapa. Hii ni ubao ya nani?"

Basi tukapanda Kibati, mimi na mama, na kopo dogo la rangi nyeupe. Alishika kopo, mimi nikaandika. Mwandiko wangu si mzuri. Herufi ya mwisho ilibanana ikakaribia kudondoka ubaoni. Mama alilitazama jina muda mrefu, hajui kusoma. "Ni yeye?" akaniuliza. Nikamwambia ndiye. Mpiga picha wa Birere alituahidi kupanda Jumatatu.

Jumamosi jioni mlima wa volkano ulio juu ya Goma ukapasuka.

Wa Goma hawahitaji kuelezwa. Anga likawa jekundu, watu wakajaa barabarani, wengine kuelekea mpakani, wengine Sake, kila mtu anaita jina la mtoto. Mama nilimpakia kwenye chukudu juu ya godoro lake, nikasukuma. Njia nzima hakutazama mbele. Alikuwa amegeuka kutazama kaskazini, kule moto ulikokuwa unashukia. Nilijua anafikiria nini, nikazidi kusukuma.

Tulipopanda tena, ardhi bado inatoa mvuke, hakukuwa na nyumba iliyoungua, ubao wala barabara. Mawe meusi, tele, kimo cha mtu. Nilijaribu kupima kwa mikaratusi, lakini mikaratusi yenyewe haikuwepo. Mama alisimama akauliza, "Ni hapa?" Nikasema labda hapa. Akasogea. "Ama hapa?" Nikasema, mama, sijui. Huko kutojua kulinichoma kuliko moto wenyewe.

Mpiga picha aliyapiga picha yale mawe. Sekretere akaipokea picha.

"Hii ni mawe, Papa Amisi."

"Yuko chini yake."

"Mimi siwezi kutambua mawe."

Nikamwambia maneno ambayo Mwislamu hapaswi kuyasema, na mlinzi akanitoa nje kwa mkono.

Miaka ikapita, vita vikarudi, kama mgeni anayejua mlango. Mugunga ikajaa mahema ya waliokimbia. Mimi nilikuwa nasukuma majerikani ya maji kuwapelekea. Siku moja, kwenye kizuizi cha barabara ya Sake, majo mmoja wa jeshi la serikali, yaani meja, anayechechemea, alininyoshea mkono nisimame. Nikajiandaa kugombana. Hakutaka kitu. Aliweka kiganja juu ya ubao wa chukudu yangu akasema, kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, kwamba zamani moja kama hii ilimshusha Kibati.

Nilimtazama. Nikautazama na mguu wake. Nikamwuliza kwa Lingala, "Moninga na yo azali wapi?"

Akavua kofia.

"Alikuja?" akauliza.

"Hapana, majo. Bomu la tatu."

Alikaa juu ya gunia la mchanga, mtu mzima mwenye nyota begani, akafunika uso. Nilimweleza yote: tume, bunduki, benchi, mawe, na mama. Akanyanyuka. Tukaenda biro mimi na yeye, ananitangulia kwa mguu wake ule mbovu, na sekretere alipomwona alisimama wima hadi kiti kikaanguka. Kabati lililopotea likapatikana. Mhuri ukapatikana. Umeme ulikuwepo! Karatasi niliyoitafuta miaka yote ilitoka kabla wiki haijaisha, na badala ya kufurahi nilitaka kulipiga teke lile benchi.

Ilisema kwa Kifaransa kwamba Bizimana alikuwa askari, wa Peloto ya Miti, amekufa kazini akiwa anaokoa maisha ya afisa wake. Majo alisema yeye mwenyewe atakuja Jumapili. Pasta atasoma karatasi kanisani, kisha watatembea hadi nyumbani kwa mama, na mlangoni atapiga saluti.

Nilimfasiria mama, mstari kwa mstari. Hakulia. Alifua kitenge chake kizuri, akakinyosha kwa pasi ya makaa. Mama Furaha akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta, "Kuna arusi?"

"Kuja kanisani siku ya Mungu," mama akamjibu. "Utasikia."

Jumapili haikuwa na kanisa. Mabomu yalikuwa yanaanguka mjini. Tulilala chini, mimi na mama, kati ya kitanda na ukuta wake, kwa sababu nilikuwa nimekuja mapema kumsindikiza na njia ya kurudi haikuwepo. Kitenge kilichonyoshwa kilikuwa bado juu ya kiti. Maji yakakatika. Simu ya majo haikuita. Sijui kama alikufa au alivuka ziwa, na sijapata kujua.

Risasi zilipotulia, mji ulikuwa na wenyewe wengine, waasi.

Habari ikapita nyumba hadi nyumba: wanatafuta askari wa serikali. Wanatafuta bunduki, mashati, karatasi. Mtaa mzima ulikuwa unatoa moshi, watu wanachoma picha za arusi ambazo shemeji amevaa sare. Mama alikuwa na jiko la makaa, maharage juu yake. Akatoa karatasi kifuani.

"Isome tena."

Nikasoma.

"Pale kwenye jina."

Nikasoma jina. Akaichukua, akainua sufuria kwa mkono wa kushoto na kuiweka karatasi chini yake, juu ya makaa. Karatasi nzuri ya biro kubwa, nzito, ilichelewa kushika. Nililia kwa hasira. Huzuni ningeiweza. Tungekuwa tumeipata mwaka mmoja mapema, mwezi mmoja tu, angalau ingesomwa mara moja mbele ya watu!

Ilikuwa bado inajikunja pale walipobisha.

Walikuwa wawili, vijana, sare safi. Nyuma yao Mama Furaha, amejifunga khanga vibaya, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Huyu ndiye," Mama Furaha aliwaambia mbio. "Mutoto yake alikuwa wenu. Siku zote tunajua. Mama Bizi, jirani yangu, waambie sisi ni batu wazuri. Bwana yangu ile shati alinunua sokoni, haki ya Mungu."

Mmoja wa wale vijana hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi. Alitazama goti langu, mahali ambapo ubao wa chukudu umetengeneza sugu.

"Na huyu ni nani? Tumeambiwa kuna watu wa chukudu waliobeba risasi za serikali."

 Mama alifuta mikono kwenye nguo yake. Alimwendea hadi mlangoni, akamjibu kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda cha kiasi hicho nakisikia. Alisema mimi ni mtoto wake. Alisema alikuwa na wawili. Mmoja alikufa Kibati, zamani.

"Upande wetu?" kijana akauliza.

Nilitaka kusema. Wallahi, mdomo ulifunguka. Mama alinyosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika kifundo cha mkono, akanibana.

"Yego," akasema. Ndiyo.

Wale vijana wakatazamana. Wakajiweka sawa pale mlangoni, visigino pamoja, wakampigia saluti. Saluti nzuri, ya mkono wa kulia, wala haikuwa ya haraka. Majirani wote waliona. Mama Furaha alikuwa anaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

Mama aliwashukuru. Walipokwenda alifunga mlango, akakaa kwenye kiti, juu ya kile kitenge kilichonyoshwa.

"Sasa nimeona," akasema.

Kisha akanipakulia maharage. Yalikuwa yameungua chini, na tuliyala.

Toka siku ile mtaa ulimheshimu. Walimletea sukari. Hakuirudisha, angeirudishaje? Aliishi hivyo miezi michache, akafa kwa homa, kifo cha kawaida, nami nikavuka mpaka. Ndiyo sababu naweza kuyaandika haya. Peloto ya Miti haimo kwenye orodha ya jeshi lolote. Tuliobaki tunapigiana simu siku za Idi na Noeli. Juzi mmoja alinipigia akasema kuna biro mpya, ng'ambo huku, inayopokea malalamiko ya wapiganaji wa zamani, na wanataka mashahidi na picha ya kaburi. Nilimwuliza kama wana benchi. Akasema wanalo. Nikamwambia aende, lakini kwanza aulize mhuri uko wapi.

Bizimana yuko chini ya mawe, na sijui ni wapi. Mama yake alinunua uhai wangu kwa jina la mwanawe, akalipa mara moja mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyebaki ninayejua kwamba neno alilolisema mlangoni halikuwa kweli. Goti linaniuma kukinyesha. Nikifunga mzigo siku hizi, nafunga kwa mipira.